Mama, Ng'ombe wa Tumati Wamefika Masakta

Mama,

Shikamoo. Leo marahaba yako nimeiitikia mimi mwenyewe, tena kwa sauti yako ile ya puani, mpaka binti yako Paulina akacheka. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari lake la hesabu. Akigundua atanipiga, na ngumi zake ni za kwako kabisa.

Naandika mwenyewe, sijaandikiwa. Ulikuwa ukiniambia, "Boay, wewe shule uliishia mlangoni." Haya, ona mwandiko wa darasa la nne! Karani wa mahakama aliusifu nilipoandika jina langu. Kweli alisema unasomeka tu, lakini kwa karani yule hiyo ni sifa kubwa.

Mama, kuna jambo sikukuambia ukiwa hai.

Wiki moja kabla ya kesi yenu, wakati baraza la usuluhishi limeshashindwa na wewe umedai talaka na mgawo wako, Baba alinichukua tukaenda Tumati kwa miguu. Huko, kwenye zizi la rafiki yake, akanionyesha ng'ombe watatu. Akasema, "Hawa ni wetu, nimewawekesha hapa. Mama yako hajui. Sasa nimekuambia wewe, basi umekuwa mtu mzima." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilirudi nyumbani Nambis natembea kama katibu wa chama, na wewe ukaniuliza kama nimeumia mguu.

Kwetu kuwekesha ni kawaida, unajua. Mtu halazi ng'ombe wake wote zizini kwake. Wengine anawapeleka kwa marafiki, wao wakamue, wapate samadi, na ugonjwa ukija usimmalize. Ila hakimu alikuwa mgeni wa mkoa mwingine. Yeye hilo hakulijua.

Sisi mashahidi tuliwekwa nje mpaka tuitwe. Uliyoyasema humo ndani sikuyasikia. Nilipoingia hakimu akaniuliza, "Wewe ndiye mchungaji?" Nikajibu, "Ndiye mimi, Mheshimiwa. Ng'ombe wa kwetu nawajua hata kwa kikohozi." Watu wakacheka, kichwa kikanivimba. Akauliza zizini wako wangapi. Nikasema tisa, ila saba ni wa watu, wamewekeshwa kwetu. Wetu ni wawili tu. Kweli tupu, Mama! Hakuniuliza kama na sisi tumewekesha mahali. Wale wazee wawili wa baraza waliokaa naye wangeweza kumnong'oneza. Waliangalia miguu yao. Nao wana ng'ombe wao wamelala kwa watu.

Basi mkagawana wale wawili. Wewe ukapata yule mzee, wa maziwa ya kutia kwenye chai tu. Paulina ukapewa mpaka atimize miaka saba, kisha shauri lirudi. Mimi nikabaki kwa Baba.

Ulinifuata nje na kiazi kitamu ulichokifunga kwenye khanga. "Umekula?" Basi, hukusema kingine. Nilikila nimenuna, maana nilijua umemdai Paulina, mimi ukaniacha kama jembe lililovunjika mpini. Nikaapa sitakanyaga Masakta kwa Bibi, ulikorudi wewe, mpaka niote ndevu, nije nikuringishie. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule, nilijijengea chumba changu mwenyewe. Ukuta umenyooka, Mama! Mlango ndio uligoma kidogo. Kila nilipopiga udongo nilisema, huyu mama akija ataona.

Hukuja. Kifua chako hakikungoja ndevu zangu.

Mjomba alituma habari, na mimi nilipofika mlikuwa... walikuwa wameshakuzika. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikamwambia Mjomba macho yameingia moshi. Mjomba akatazama huku na huku, hakuona moto, akaniletea maji ya kunawa.

Sasa sikia. Paulina ametimiza miaka saba, na Baba akaenda kumdai. Bibi akaja mahakamani kutoka Masakta na fimbo yake. Baba akasema, "Shikamoo mama mkwe, sina ugomvi na wewe. Lakini mtoto utamlisha nini? Hata ng'ombe wa kukamua huna." Ni kweli, yule ng'ombe wako mzee alikufa baada yako. Bibi akaegemea fimbo yake. Paulina alikuwa amemshika khanga kwa mikono miwili, kama anazuia isipeperuke.

Jalada bado lina jina lako. Kwa hiyo tarishi akatoka mlangoni akaita kwa sauti, "Marselina! Marselina! Marselina!" Mara tatu, ndiyo desturi yao. Mimi ndiye niliyeitika. Nilisema, "Amefariki." Ilitoka sauti ya mtoto, Mama, mimi mwenye besi hii.

Hakimu, yule yule, akamwambia karani asome jalada tangu mwanzo. Karani akasoma kama anasoma bei ya chumvi: "Mdai anaomba watoto wake wawili, Boay na Paulina. Mali atapokea chochote." Halafu: "Mdaiwa anapinga kuhusu mvulana, ndiye mchungaji." Halafu: "Ombi kuhusu mvulana limekataliwa."

Boay na Paulina. Mimi ulinitaja wa kwanza.

Kwa nini hukuniambia, pale kwenye kiazi?

Nilisimama bila kuitwa. Karani akasema kaa chini wewe. Sikukaa. Nikasema, "Mheshimiwa, Baba ana ng'ombe watatu Tumati. Walikuwepo tangu kesi ya kwanza." Hakimu akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia, "Hukuniuliza, na mimi nilikuwa mjinga." Safari hii hakuna aliyecheka. Baba hakukana. Alinitazama tu, akaonekana amezeeka.

Hukumu ni hii: Paulina anabaki kwa Bibi. Ng'ombe mmoja mwenye maziwa ni matunzo yake, Baba amtoe. Mtamba mmoja ni mgawo wako uliofichwa, nao ni wa Paulina. Wa tatu amebaki wa Baba.

Nje Baba hakunipiga. Aliniambia, "Nani atakuwekesha ng'ombe wewe, sasa?" Mama, hilo limeniuma kuliko fimbo. Kwetu mtu asiyewekeshwa ng'ombe hana rafiki, na habari imeshafika Tumati kabla yangu. Yule rafiki yake alinitolea ng'ombe bila hata kunipa maji.

Nimewaswaga siku tatu mpaka huku. Mwenye maziwa alinipiga teke mara mbili; kwa watu nimesema mara moja. Bibi ameshamkamua. Paulina amekunywa kibuyu kizima, akalala na povu mdomoni.

Nitamsomesha Paulina alipite darasa langu, ingawa kunipita mimi si kazi rahisi. Na Baba nitamwendea wakati wa mavuno, nimlimie. Bado ni baba yangu.

Lakini sirudi kukaa kule. Nguo zangu nimekuja nazo, na Bibi ameshanionyesha pa kulala. Lala, Mama, usiningoje tena njiani. Lile ombi lako hakimu alilikataa. Mimi nimelikubali.

Mwanao,
Boay