Masikio ya Bati na Vumbi la Kibiti

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Nimevua magurudumu ya gari la Karim, kama kila Jumatatu. Ngoma za breki nimezipiga brashi, nimezifuta, nimezirudisha. Kazi ya utulivu. Gari lenyewe dogo, jekundu, viti viwili, la mbio. Halikuundwa kwa barabara zetu. Karim ni mtoto wa mnunuzi wa pamba, na amechumbia Kilwa. Kila akitoka huko huteremka vilima vya Umatumbi kwa kasi ya mchumba. Breki hupata moto hadi zinachoka. Mwezi uliopita aliingia kwenye pantoni ya mto bila kusimama. Mnyororo ndio uliomzuia asiende majini.

Adhuhuri akaja Salum. Fundi mgeni, mtu wa Kiongoroni, kule delta ya mto, katokea Dar es Salaam mwezi wa sita. Ana miaka hamsini na nywele bado nyeusi. Kaleta sanduku. Ndani midomo miwili ya bati mfano wa tarumbeta, na mipira minene. Mdomo unafungwa mbele ya gari, mpira unapeleka upepo hadi ndani ya ngoma. Anayaita masikio.

"Shuka mlima mzima, Bwana Karim. Ngoma itabaki baridi kama mtungi wa Bi Tatu."

Kwa nini amtaje Bi Tatu?

Karim kaniambia mimi niyapime. Nikisema yanafaa, atayanunua.

Jumanne, 6 Agosti

Bi Tatu ni mjane. Anauza vitumbua barazani kwake, mkabala na gereji. Kiti cha mwisho pale, karibu na jiko, ni changu tangu nilipofiwa na mke wangu. Leo kakikalia Salum. Nimekula nimesimama.

Naona wivu. Naandika hivyo kwa kuwa neno jingine sina.

Wala si kiti tu. Salum huenda kwao na kurudi. Anapanda mashua, analala siku mbili, anarudi na kaa na uduvi, na Bi Tatu anacheka. Mimi ni mtu wa Mbuchi, delta ile ile. Nilitoka kijana wakati wa vita vya Wajerumani. Baba alichukuliwa upagazi asirudi, sisi tukakimbilia huku bara. Miaka arobaini. Nasikia kiwanja cha nyumba yetu sasa ni mikoko. Salum akipita gereji ananukia tope la kwetu. Sijamwuliza habari hata moja. Sitamwuliza.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimesoma karatasi ya sandukuni mara tatu. Kiingereza kizuri. Inasema moto wa breki utapungua nusu. Nusu ya upi? Kwa mwendo gani, mlima gani, gari gani? Kimya. Nimesoma vya kutosha maishani kujua kwamba anayetaja nusu bila kutaja nzima ana kitu cha kuuza. Nikafurahi.

Kipimo changu ni hiki. Kila ngoma ya mbele nimebandika vidonge vitatu: nta ya nyuki kutoka Ngarambe, lehemu ya fundi bati, na sandarusi ya kuchimbwa, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe. Nta huyeyuka kwa moto mdogo. Lehemu hutaka moto hasa. Sandarusi ndiyo sugu kuliko zote. Kilicholainika kitasema moto ulifika wapi. Tena nimefunga sikio moja tu, kushoto. Kulia nimeacha wazi kama zamani. Gari moja, mlima mmoja, dereva mmoja. Hapo hakuna wa kubisha.

Baada ya swala ya alasiri nimejikuta naomba vya kushoto viyeyuke vyote. Astaghfirullah.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumevuka mto, tumepanda vilima, tumeshuka. Karim anaendesha kama anayefukuzwa. Chini kabisa nimeinama kutazama.

Kulia: nta hakuna, lehemu imetiririka, sandarusi imelainika hadi ikashika alama ya msumari.

Kushoto: nta hakuna. Lehemu ipo. Sandarusi jiwe.

Nimetazama muda mrefu. Nimetamani macho yangu yawe mabovu. Kisha nimesema, "Yanapunguza. Si baridi ya mtungi, lakini yanapunguza." Karim kapiga honi peke yake porini.

Jioni Salum kahadithia baraza nzima. "Hakimu wangu ni Mzee Shamte! Mzee huyu hata mamaye angemhukumu!" Watu wakacheka. Bi Tatu kamwongezea vitumbua viwili. Ukweli wangu, shibe yake.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimevua magurudumu. Ngoma ya kulia safi. Ya kushoto, ndani, vumbi jekundu laini kama unga. Lainingi, yale magamba yanayobana ngoma, zina michubuko. Chuma nacho kina mistari. Safari moja tu! Sikio linakunywa upepo, na linakunywa vumbi pia. Dar es Salaam, kwenye lami, sawa. Kwa barabara yetu lainingi zitasagika upesi hadi chuma kikutane na chuma, na hapo breki hakuna.

Nilifurahi kabla ya kuogopa. Acha niliandike hilo pia.

Nimemwambia Karim. Kacheka, kanipiga bega. "Mzee, huo wivu sasa." Bi Tatu alisikia kutoka ng'ambo ya barabara. "Ee Shamte! Jumamosi asali, Jumatatu shubiri?" Baraza nzima ikaangua kicheko. Basi Kibiti nzima inajua.

Wala hawajakosea. Wivu upo. Lakini vumbi nalo lipo, na hakuna anayeweza kuviona vyote viwili kwa mara moja.

Karim kaagiza sikio la pili lifungwe. Alhamisi anakwenda Kilwa.

Jumanne, 13 Agosti

Asubuhi nilikaa na wazo moja: ninyamaze. Nimeshasema, hawakusikia. Breki zikifa, jina la Salum litakufa nazo, na kiti kitarudi kwangu. Wazo hilo nilikaa nalo kama mgeni mbaya. Sikumfukuza mara moja. Kisha nikauona ule mnyororo wa pantoni, na nyuma yake maji.

Nimemwita Salum gerejini. Sikumweleza kitu. Nimepiga jeki, nimevua ngoma, nimechota vumbi kwa kidole. Nikalitia ulimini. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kwetu huwezi kupanda mpunga kabla ya kuonja tope ujue chumvi imepanda kiasi gani.

Salum kaacha kutafuna mswaki.

"Mzee, nani kakufunza kuonja tope?"

"Mama."

"Wapi?"

"Mbuchi."

Kanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Siku zote hizi! Mie nakusalimu kama mtu wa bara tu!" Kisha naye akachota, akaonja, akatema. "Mchanga mtupu. Unakula chuma huu." Hakusema neno la wivu. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu, jibu likanibakia mdomoni.

Akavuka barabara. Akarudi na vifumbu viwili vya Bi Tatu, ile mifuko ya kusukwa ya kuchujia tui. Hakuomba ruhusa. Tumefunga sikio la pili, kisha tumevivika kwenye midomo ya masikio, tumevifunga kwa kamba.

Jumatano, 14 Agosti

Mlima ule ule. Vidonge vipya, ngoma zote mbili. Lehemu imelegea ukingoni, haikutiririka. Ndani ya ngoma vumbi kidogo tu, la kubana kwa vidole viwili. Basi hukumu ni hii: kifumbu kinazuia vumbi, na kinazuia sehemu ya upepo. Masikio yanasaidia, lakini chini ya ahadi ya karatasi, na mbali sana na mtungi alioutaja Salum.

Tumemwambia Karim pamoja. Ashuke kwa gia ndogo. Akung'ute vifumbu kila anaposimama. Karim kaitika, kwa sababu Salum kasema. Maneno ni yangu, aliyeaminiwa ni yeye. Limeniuma na bado linauma.

Jioni kelele ng'ambo. "Vifumbu vyangu viko wapi? Tui nichujie kofia zenu?" Salum kaninyooshea kidole mimi. Mshenzi. Nimecheka.

Jumamosi, 17 Agosti

Karim karudi mzima. Alisimama ukingoni mwa mto, mwenyewe, kwa mguu wake, akasubiri pantoni. Vifumbu vimekuwa vyekundu, vimechanika. Nimefungua ngoma mbele yake. Lainingi hazina mchubuko mpya. Kajipangusa jasho. "Mzee, Jumatatu ile nilikukosea." Nikamwambia Jumatatu ile hata mimi nisingejiamini.

Salum yuko kwao tangu juzi. Baraza imepoa bila yeye. Nimekaa kiti changu. Vitumbua vilikuwa sawa na vya siku zote. Bi Tatu katazama njia ya mashua mara mbili.

Jumatatu, 19 Agosti

Kazi ya magurudumu imekwisha mapema. Salum karudi jana na mzigo wa ukindu. Kauchukua Mbuchi, kapitia makusudi.

Nimemwuliza. Imenichukua miezi miwili kufungua kinywa. Minazi yetu mitatu, nyuma ya msikiti wa zamani, bado ipo?

"Mmoja upo, mzee. Umelalia maji. Watoto wanapanda juu yake wanajirusha."

Nimesuka mchana kutwa. Nilidhani nimesahau. Vidole havikusahau, vilikuwa vinafuata mikono ya mama. Salum kakaa karibu, anatazama. Yeye hajui kusuka. Kumbe kipo kitu cha kwetu ambacho mimi ninacho na yeye hana.

Vifumbu viwili vya kumlipa Bi Tatu, tayari. Salum kasema anakwenda barazani sasa hivi, anaweza kuvipeleka.

Nimemwambia havijakauka. Nitavipeleka mwenyewe kesho, mapema, kabla kiti cha mwisho hakijakaliwa.