Flashi Tatu Kutoka Chennai

Jumanne, 2 Septemba 2025

Viza ya Kiama imetoka. Na ya Tabby pia. Jumapili wanapaa kwenda Chennai, mume wangu akabadilishwe valvu ya moyo, dada yake amtunze. Mimi nabaki Ruiru na mtoto wetu Kui. Nauli ya mtu wa tatu itoke wapi? Baba mkwe ameshauza mbuzi wote kule Ngoliba. Wacha nishughulikie laini ya simu. Hilo naliweza.

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la vipimo. Roaming, yaani kutumia laini ya hapa kule nje, siku kumi na nne: shilingi 4,800. Na ukishika simu unakatwa pesa tena! eSIM ya mtandaoni: 2,300 – data tupu, haina namba. Laini ya huko huko India: kama 900, na inakaa mwezi mzima. Hapo hakuna mjadala.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempitia Dhanji, yule anayetuuzia vitambaa vya yunifomu kule Thika. Kumbe laini ya India haichukuliwi hivi hivi. Wanataka pasipoti, viza, picha, na namba ya simu ya mwenyeji, itumiwe tarakimu za kuthibitisha. Dhanji akaniambia: "Mama Kui, wacha wasiwasi. Sapna, mtoto wa dada yangu, anakaa Chennai, atawapea namba yake." Nikauliza nitamlipa nini. Akakasirika kabisa.

Tabby ndiye hafurahii. "Si tuchukue roaming tu, tuongee kama watu? Huyu anapasuliwa moyo, Mama Kui, si jino!" Nikamwambia pesa za harambee ni za hospitali, si za porojo. Amenuna. Anune.

Jumamosi, 6 Septemba

Simu ya Kiama haishiki chaji tena. Nimempa yangu, inaingia laini mbili: ya India, na yake ya hapa kwa sababu ya meseji za benki. Mimi nimebaki na kabambe, kisimu cha vibonye. Haina WhatsApp. Ina tochi.

Sasa taabu: kupiga kutoka kule kuja hapa ni kama 70 kwa dakika, na meseji za nje ile laini haitumi; data nayo hatukulipia. Kiama akacheka. "Si tutakuflashi? Kama tu wakati nilikuwa nakutongoza."

Tumekubaliana: wanapiga, ikiita tu wanakata. Flashi moja: wamefika. Mbili: ameingia thieta. Tatu: ametoka salama. Mimi nisishike kamwe. Nikishika tu, salio lao linaliwa.

"Na ikiwa...?" nikauliza. Tabby akaanza kukunja masweta – masweta, Chennai! Hiyo hatukuiwekea idadi.

Jumapili, 7 Septemba

Wameenda. Kiama alinishika mkono mpaka askari wa geti akatutenganisha. Sikulia pale. Nimelia nyumbani, bafuni, bomba likiwa wazi ili Kui asisikie.

Jumatatu, 8 Septemba

Flashi moja! Saa kumi jioni. Nimeruka, karakana nzima ikanigeukia. Muthoka, tunayeshona naye meza moja, aliuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Habari kutoka India, bei yake sifuri! Na Tabby aliniona mbahili.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa mbili asubuhi. Flashi mbili. Ameingia. Daktari alisema masaa matano. Basi, saa saba.

Saa saba. Hakuna. Nimeshona mfuko wa shati upande wa ndani. Nimefumua.

Saa nane. Simu imelia mara moja! – Nekesa, mteja wangu, anataka nimpigie kuhusu sketi ya mtoto. Sketi! Nimemtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Saa tisa na robo. Nimeweka salio la mia mbili nikapiga mwenyewe. Hapatikani. Muthoka amemwandikia Tabby WhatsApp kwa simu yake. Tiki moja, haijamfikia. Ameninyang'anya makasi, akaniletea chai.

Ningechukua ile roaming. Pesa kidogo hizo! Jana usiku ningemsikia sauti, ningemwambia yale nilimezea pale getini. Nilijiona mjanja, na kumbe nimemnunulia mume wangu laini ya kunyamaza. Naogopa. Wacha niandike tu hivyo: naogopa.

Saa kumi kasorobo. Simu inaita, namba inaanza na +91, ya India. Ni wao! Imeita, ikakatwa. Moja.

Imeita, ikakatwa. Mbili.

Muthoka amesimamisha cherehani yake.

Ya tatu inaita. Nangoja ikatwe. Naandika huku simu iko mkono wa kushoto. Flashi huita mara moja, ikizidi mara mbili. Hii imefika tano. Pengine ni mtandao umekwama. Tabby anajua sitakiwi kushika. Anajua bei. Sita. Saba.

Haikatwi. Na hii hatukuiwekea idadi.

"Shika," Muthoka anasema. "Mama Kui, shika."