Nakala Safi ya Ugonjwa Wangu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mu wazima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha kitinda mimba kimeacha kuwakosesha usingizi. Mimi nipo, nakula, nakwenda kazini. Kuhusu uzima, nivumilie kidogo.

Ni mwezi wa pili sasa vidole vyangu vinakufa ganzi. Huanza masjala, mkuu wetu anapoitisha faili: midomo inachonyota, moyo unakwenda mbio, pumzi hainitoshi, na baada ya robo saa yote yametulia kana kwamba hayakuwapo. Mpiga chapa wetu, yule wa maneno, alitangaza kwamba mkono wangu ni antena, unamnasa bosi kabla hajafungua mlango. Walicheka wote. Tangu hapo nawashuku. Mbona wananyamaza nikiingia? Nani kawaambia habari za baba?

Nilikwenda kwa daktari. Alinigonga magoti kwa kinyundo, akaniuliza kama ganzi ni ya pande zote mbili au upande mmoja, na kama huja na hofu au huja tu. Akanipa wiki tatu niandike kila inaponijia, siku, saa, na nilichokuwa nikifanya. Nilipompelekea karatasi, aliisoma akatabasamu. Alisema huo ni wasiwasi, si mishipa ya fahamu, akanifundisha kupumua polepole na kunipangia nirudi Alhamisi hii. Alitabasamu upesi mno, dada. Nilitoka nikiamini ananificha kitu, kama walivyomficha baba ugonjwa wake mpaka vikombe vilipoanza kumponyoka.

Lakini aliyeficha ni mimi.

Unaijua kazi yangu: karatasi yenye mikato haitoki mezani kwangu. Ile ya kwanza ilijaa mikato, nikainakili upya, na katika kunakili nikaacha mistari minne, nikijidanganya kwamba inavuruga mpangilio. Mmoja ni wa Jumapili ile kwako. Tulikuwa tunaanua nguo, tunamcheka shemeji na suruali yake iliyopeperushwa na upepo, na ndara ya kushoto ikanitoka mguuni. Sikuhisi chochote mpaka uliponiuliza iko wapi. Sikuwa na hofu hata chembe. Mistari mingine mitatu ni mguu huohuo, katika utulivu uleule.

Huenda si kitu. Lakini daktari ameamua kwa karatasi niliyoichuja mwenyewe, kwa sababu nilitaka sana ugonjwa huu uwe wasiwasi tu. Wasiwasi naweza kuuonea aibu nikaishi nao. Ugonjwa wa baba siuwezi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kwanza. Nakuomba Alhamisi twende wote, na umkabidhi daktari wewe, mkono kwa mkono. Nikikuomba njiani unipe niisafishe kidogo, usinipe, hata nikilia.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama nitamwambia mwenyewe, tukishajua.

Ni mimi mdogo wako,
Karani