Picha ya Mguu Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimesimama mara nne kati ya nyumbani na shuleni. Ijumaa mara tatu. Shavu la mguu wa kushoto linakaza, nasimama, linaachia, naendelea. Watoto wa darasa la saba wananisubiri bila kelele. Hilo ndilo linaniudhi. Kidole kidogo kimekuwa cheusi. Mke wangu Moraa aliniona nikivaa soksi haraka.

Jumatano, 6 Machi
Kisii, hospitalini. Wametafuta mapigo ya damu miguuni. Kulia yapo. Kushoto hakuna. Wiki ijayo anakuja daktari wa upasuaji kutoka Kisumu. Atanidunga sindano kinenani, aingize dawa kwenye mshipa, apige eksirei aone damu inakwama wapi. Nimeambiwa niache sigara leo hii. Nimeacha. Naogopa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelazwa. Kesho nisile kitu. Aliyekuja kuninyoa kinena ni Bosibori. Nilimfundisha hesabu kule kwetu Nyansiongo, darasa la tano, na nilimchapa zaidi ya mara moja. Sasa ni muuguzi. Nilimwomba amwite mwanamume. Akasema leo hakuna. Nikatazama dari. Alinyoa polepole, hakunikata. Sijawahi kuona aibu kama hii.

Jumanne, 12 Machi
Naandika nikiwa chali. Mwandiko mbaya.
Sindano niliivumilia. Dawa, la. Moto ulishuka pajani hadi unyayoni nikapiga ukelele, mimi mtu mzima. Kisha mfuko wa mchanga juu ya kidonda, kwa muda wa saa sita, mguu umenyooka. Mkojo kwenye chupa. Mgongo ukauma, nikainua goti kidogo tu. Damu ikaloanisha shuka. Bosibori alikuja mbio, akakandamiza kwa mikono miwili, muda mrefu, jasho likimtoka.
"Mwalimu, ukisogea tena utapoteza damu nyingi. Tulia."
Nikatulia. Ningefanya nini?

Jumatano, 13 Machi
Daktari aliinua picha dirishani. Mshipa mweupe unateremka vizuri hadi nyuma ya goti. Hapo umekatika. Chini ni vinyuzi tu. Nilidhani atataja dawa. Akasema hata pa kuunga mshipa hapana.
"Tuukate juu ya goti, Mwalimu. Tukingoja, uozo utapanda."
Moraa alikuwa pembeni, ameshika kikapu cha ndizi. Kiswahili hakijui vizuri. Akaniuliza daktari amesema nini. Ikabidi nimweleze mimi, kwa Kikisii. Hakusikia mara ya kwanza, au hakutaka kusikia. Nikarudia.

Ijumaa, 15 Machi
Nyumbani. Kinena kimevilia damu, zambarau hadi katikati ya paja. Nakaa tu. Ng'ombe anakamuliwa na Moraa, chai inachumwa na Moraa. Wazee wa kanisa walikuja kuniombea. Mmoja alisema Mungu anaweza. Najua anaweza. Nilisinzia kabla ya amina.

Jumamosi, 16 Machi
Sabato, na sikwenda ibada. Nimesikia nyimbo kutoka hapa. Nimekasirika siku nzima na sina wa kumkasirikia. Kidole cha pili nacho kimebadilika rangi. Nimemwambia Moraa nitarudi Kisii Jumatatu, waukate. Akasema, "Haya."

Jumapili, 17 Machi
Jua zuri. Baada ya chakula Moraa alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akaniosha miguu. Vile vidole alivipitia kwa ncha ya kitambaa. Kisha akachukua mkasi wake wa kushonea akanikata kucha. Za mguu wa kulia. Halafu za kushoto, moja moja, bila haraka.