Ndoo Saba za Maji ya Uyoga

Jumapili, 8 Septemba

Nimefagia tena chini ya misonobari. Mwaka wa tano! Majani makavu yote nje, udongo ubaki mtupu. Matsutake, uyoga wetu wa misonobari, hautaki raha. Kisha nikamwaga maji niliyolowekea uyoga mkongwe wa sokoni, mbegu zake zote zimo humo. Mashina saba, kila shina ndoo yake. Mgongo sina tena.

Tokuji, mume wangu, alijua unapoota wenyewe hapa mlimani petu. Miaka arobaini alirudi na kikapu kimejaa, hakunionyesha hata mara moja. Najua, kwetu hakuna anayemwambia mtu, hata mke. Lakini jamani! Hospitalini nilimuuliza, akasema nisimsumbue, ataniambia kesho. Usiku huo akafa. Bado nina hasira naye.

Jumatano, 18 Septemba

Binti yangu Mitsuyo kapiga simu kutoka Osaka. Kuna mnunuzi wa mbao anautaka mlima wote. Anasema mama, miaka mitano unanywesha miti supu, njoo ukae na sisi. Nikamjibu: usipoota hata mmoja mpaka mwisho wa Oktoba, nauza nahamia kwako. Nimesema kwa sauti ya kishujaa, kisha nikakaa jikoni nikalia.

Yasukichi, mdogo wake Tokuji, jirani yangu na mpinzani wangu, alikuwa mlangoni na figili zake. Kasikia yote. Akasema Osaka pazuri, kuna lifti. Akaondoka bila chai. Yule hajawahi kuacha chai.

Jumamosi, 5 Oktoba

UMEOTA! Shina la tatu. Mmoja, mnene, umesimama wima. Nilipiga magoti nikauzungumzisha kama mtoto mchanga. Mitsuyo kwenye simu akasema basi, atamwambia mnunuzi asubiri. Yasukichi alikuja, akautazama, akasema, "Shemeji, umenishinda."

Hajawahi kukubali kushindwa tangu nimjue.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilikuwa nauchana kwa ajili ya wali wa Tokuji. Nikautazama mguu. Umekatwa kwa kisu — bapa! Nani hukata matsutake? Unang'olewa mzima, na udongo wake. Wa kukatwa ni ule wa maboksi ya dukani. Harufu yenyewe ya friji.

Nimemwekea Tokuji wali wake hivyo hivyo, mbele ya picha. Hajalalamika.

Jumanne, 8 Oktoba, mlimani

Saa moja asubuhi. Nimechuchumaa nyuma ya msonobari mkubwa, nje kidogo ya sehemu yangu, penye majani ambayo sijawahi kuyafagia. Daftari juu ya goti.

Huyo Yasukichi! Mfuko wa plastiki mkono mmoja, mwiko wa wali mkono mwingine. Shina la tano. Anachimba kwa mwiko. Anapanda uyoga, anarudi nyuma kuutazama, haumridhishi, anaurekebisha kofia. Goti lake bovu linalia hadi huku. Na anaongea na marehemu.

"Kaka, ungemwonyesha tu mkeo, nisingekuwa hapa. Akienda Osaka nitagombana na nani?"

Nilijiandaa kumfokea. Sasa siwezi. Mzee mjinga. Mjinga kabisa.

Nimeweka mkono chini nisianguke — kuna kitu kigumu. Nimefunua majani kidogo. Kofia ya kahawia, bado imejifunga. Pembeni mwingine. Na mwingine! Na harufu ile, harufu ya kikapu cha Tokuji. Hatua kumi tu kutoka kwenye ndoo zangu. Miaka mitano!

Kaniona. Anauliza nafanya nini hapo. Nimerudisha majani upesi, nimetandaza aproni juu yake, nikasema napumzika. Anasema ardhi ina maji, niinuke nikaone, shina la tano nalo limeotesha. Ananinyooshea mkono.

Siinuki. Naandika.

Mkono bado umenyooka. Anauliza naandika nini hasa, na mbona nimekaa upandeupande.

Nimemwambia nitamwonyesha kesho.