Kamera Mbili na Hatua Nne

Baba Mtoto, mpiga picha mtarajiwa,

Maharage yapo jikoni. Yapashe moto, usiyaunguze kama juzi. Nepi zimelowekwa, zifue uanike. Mimi na mtoto tuko kwa mama, tutarudi jioni.

Sasa ya asubuhi. Nimekuita mara tatu. Ukanijibu hata bila kugeuka: "Ngoja, naangalia ipi inanasa vizuri kitu kinachokwenda." Miezi saba unalinganisha kamera mbili za wanaojifunza! Hii nyepesi, ile betri yake inadumu. Hii lenzi inabadilishwa, ile kioo kinageuka. Na picha hata moja hujapiga. Mchagua jembe si mkulima, baba.

~~Nunua ile nyepesi, yaishe.~~ Usinunue yoyote.

Hicho kitu kinachokwenda kilikuwa mwanao. Ameachia kiti, akapiga hatua nne, za kwanza maishani mwake. Nimempiga picha kwa hii simu yangu iliyopasuka kioo, nimekutumia. Imetoka safi kabisa: kanyoosha mikono, anacheka, anakujia wewe.

Wewe umeonekana mgongo.

Mama Mtoto

Kuku wafungiwe kabla ya giza.