Rafu ya Siku Arubaini

Bi Zuwena,

Barua hii nitaisoma kwa sauti alasiri ya leo, hapa hapa katika duka letu la makumbusho, Maskati, mbele ya watu unaowajua. Watakuwepo kina mama wa Qantab wanaotusukia vikapu, fundi wa mtaa wa Ghala anayetutengenezea makasha, na mkurugenzi wa makumbusho, ambaye bila shaka atakaa kwenye kiti chako, na hakuna atakayethubutu kumwambia.

Ulitutoka kabla ya Ramadhani; sasa Mfunguo Tatu umeandama. Ubani tumeuhamishia karibu na mlango, kwa kuwa wageni huufuata kwa pua. Kofia za mashine zimebisha hodi mara mbili, na mara mbili nimezirudisha. Kila kofia ingali na kikaratasi chenye jina la mwanamke aliyeishona. Haya ni madogo. Nililokusudia kukueleza ni habari ya rafu.

Wageni wetu wa leo wasioijua waniwie radhi nikiwaeleza. Kila chombo cha zamani ambacho familia ilikileta kiuzwe, Bi Zuwena alikiweka kwanza kwenye rafu ya dirishani, siku arubaini, bila bei. Mwenyewe akijuta, alikuja kukichukua, wala hakuulizwa neno. Nilipoajiriwa niliuona huo ni ukaidi wa mtu mzima: mahali pazuri kuliko pote dukani, pamejaa vitu visivyouzwa!

Mpaka siku ile alipoingia yule bwana wa Bustan, kanzu yake ya dishdasha imelowa jasho, analitafuta birika la kahawa alilolileta wiki moja kabla. Unakumbuka? "Mama kagoma," alisema. "Nimemnunulia chupa ya chai mpya, hata haitazami." Ukalifunga birika kwenye gazeti, taratibu, ukamwambia, "Mwambie halikuuzwa, mwanangu. Lilikuja kututembelea tu." Alipotoka ukanigeukia: "Nawe ulikuwa ushaliandikia bei, eti? Nnakuona, bibie."

Majuma machache baada ya maziko yako, mkurugenzi aliniita. Aliitaka rafu ile kwa ajili ya sumaku za friji. Si mtu mbaya. Duka lazima lijiendeshe, na sumaku zinakwenda. Nilimwomba aviache vilivyomo rafuni vitimize siku zake, ndipo aamue. Alikubali. Na vilivyokuwamo, Bi Zuwena, vilikuwa vyako.

Nassor, mwanao mkubwa, alikuwa ameviteremsha garini mwenyewe: kasha la misumari ya shaba, vyetezo viwili, na mbuzi ya kukunia nazi uliyotoka nayo Unguja ukiwa msichana, kibao chake kimeng'aa kwa kukaliwa. "Rahma," aliniambia, "nyumba tumeifunga, na kwangu hapana nafasi. Wewe utajua vinamfaa nani." Hakunitazama usoni. Nami sikumtazama.

Sasa ninalo la kukiri, na nimechagua kulikiri mbele ya mashahidi. Kasha na vyetezo niliviweka rafuni. Mbuzi sikuiweka. Niliitia chini ya meza yangu, nikaifunika shali. Nilijiambia naiepusha na vumbi. Uongo. Niliitaka iwe yangu. Umekaa juu ya kibao kile, Ijumaa, jikoni kwako, ndipo uliponifundisha kuijua kofia ya mkono kwa kupitisha kidole upande wa ndani. Na maswali yangu yakizidi, ulinitia kipande cha nazi mdomoni ninyamaze. Niliona kwamba hayo yananipa haki. Mimi, mlinzi wa rafu, ndiye niliyeiibia.

Siku ya thelathini na nane aliingia Asma, mjukuu wako, moja kwa moja kutoka kazini hospitali. Alilitazama kasha, akalipita. Akavitazama vyetezo. Kisha akaanza kupapasa nyuma ya kasha. "Khalti Rahma, kile kibao chenye meno kiko wapi? Baba kasema kakileta huku." Nikaanza kupanga kofia zilizokwisha pangwa. "Kimeuzwa?" Machozi yakamtoka pale pale, mbele ya wageni wawili waliokuwa wakichagua ubani.

Nimesimama mbele ya mikutano mingi, lakini sijapata kutamka maneno mazito kama haya: "Hakijauzwa. Nnacho mimi." Niliinama nikakitoa. Asma aliitazama shali, akanitazama mimi.

"Makubwa! Kumbe umemrithi kabla yetu!"

Kisha akacheka, machozi hayajakauka, akakikalia kinyumenyume pale sakafuni, vile vile ulivyokuwa ukimkataza utotoni: "Shuka we, meno hayo yatakula nguo!"

Nilimweleza mkurugenzi yote, pamoja na shali. Ningeweza kunyamaza, lakini sikuona namna ya kuitetea kanuni huku nikiificha sababu yake. Nilimwambia kwamba mtu anayeleta kitu cha marehemu wake dukani hajui bado anachokileta, na kwamba anayekipokea naye hajui bado anachokipokea. Siku arubaini zinatufaa sote wawili. Kisha akasema, "Basi sumaku zikae kwa keshia."

Kasha na vyetezo hakuna aliyevijia. Siku ya arubaini na moja niliviandikia bei, navyo vimekwenda kwa maharusi wawili wa hapa hapa Maskati, pamoja na karatasi yenye jina lako. Ungelifanya hivyo hivyo. Hili ni duka, na hukupata kuona haya kuuza.

Ijumaa iliyopita Asma aliniletea wali wa nazi. Bado anakuna kwa pupa. Wali ulijaa vipande vya kifuu, na jino langu moja linaweza kutoa ushahidi. Niliumaliza wote.

Mbele ya hawa waliokaa hapa nakuahidi, Bi Zuwena: maadamu funguo za duka hili ziko mkononi mwangu, hakuna kitu cha mtu kitakachotoka kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kukirudia. Na siku nitakapozikabidhi funguo, nitaikabidhi na kanuni, pamoja na aibu yangu, ili anayenifuata ajue inamhusu na yeye.

Mwenyezi Mungu akupe mapumziko uliyoyastahili. Dirisha nimelifuta, rafu ina nafasi, na chini ya meza yangu hamna kitu.

Wako,
Rahma